Kushuka Kutoka E

Baba yangu uliyelala kaburini kijijini kwetu Hewani,

Gitaa lako liko salama. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: ungeuliza habari za gitaa kwanza, kisha za Mama, kisha zangu mimi kitinda mimba wako, muuza vipuri vya pikipiki hapa Garsen. Panya hawajaligusa. Uzi mmoja ulikatika, nikatia mwingine.

Sasa habari za Mama. Tangu tukuzike hakuimba tena. Si kanisani, si shambani, hata jikoni hakuimba, yeye ambaye hakuwahi kupepeta mchele bila wimbo. Mchungaji alipomwomba aimbe ule wimbo wenu wa shukrani Jumapili ya mavuno, alijibu, "Nani atanipigia?" Nikadakia kwamba ni mimi. Alinitazama, akachukua mtungi akaenda mtoni. Niliogopa kwamba nikimwangusha siku hiyo, hataimba tena maishani.

Maana tuseme ukweli, Baba. Ulinifundisha vizuri, lakini kila ulichonifundisha kilikuwa katika ufunguo wa E. Kule Bura, ulipokuwa ukilima pamba kwenye skimu ya umwagiliaji, fundi wa mitambo alikuachia kanda ya muziki wa bluzi za mashambani, wazee weusi wa Marekani, kila mmoja na gitaa lake. "Sikiliza," ulikuwa ukiniambia, "hawa nao walilima pamba ya wenyewe." Uliicheza kanda ile mpaka utepe ukachakaa, ukaokota vipande vyake kimoja kimoja: kile cha kuteleza, kile cha kukokota, kile kifupi cha kumjibu mwimbaji anapovuta pumzi. Ukavipachika kwenye nyimbo za kanisa. Wazee wa kanisa wakatikisa vichwa, halafu wakatikisa miguu. Ulinishika mkono ukaniambia, "Gumba linalima, vidole vinafuata na mbegu. Gumba lisisimame."

E ilikufaa kwa kuwa ule uzi mnene, hata usiposhikwa, tayari uko nyumbani, kwenye noti ambapo wimbo hutulia. Gumba linaugonga tu, vidole vingine vinabaki huru kucheza.

Siku ya mazoezi ya kwanza Mama alianza vizuri, akafika pale juu, sauti ikakatika. Akaketi. "Umeona sasa?" Mimi na ujuaji wangu nikachukua penseli na kipande cha tyubu, nikavifunga shingoni mwa gitaa kubana nyuzi zote, ile dawa yako ya siku zote. Wimbo ukapanda zaidi! Dawa ile hupandisha tu, haijawahi kumshusha mtu. Nikajaribu kulegeza nyuzi, zikawa zinakwaruza vyuma. Mama akacheka kidogo, na hilo pekee lilinipa moyo.

Nikamwomba aimbe peke yake, popote sauti ilipotaka kukaa. Akaimba chini chini huku akichambua mchicha. Nilimtafuta kwenye nyuzi nikamkuta C, chini ya E yako. Sasa C, Baba, haina uzi unaolia nyumbani bila kushikwa. Lazima kidole kimoja kibaki pale pale, kama mtu aliyeachwa kulinda mpunga usiliwe na ndege. Nilivihamisha vipande vyako kidole kwa kidole, vikatoka vibaya, na gumba kwa mazoea likawa linarudi kwenye uzi mnene. Wateja dukani wakaniuliza kama gitaa nalo limeletwa kutengenezwa.

Kilichoniokoa ni mafuriko. Nilikumbuka tulivyorudi shambani maji yalipotoka, mipaka yote imefukiwa na tope. Jirani alikuwa akitafuta kigingi chake pale alipokiacha, anachimba huku anatukana. Wewe hukutafuta kitu. Ulisimama kwenye ukingo mpya wa mto, ukaanza kupiga hatua ukizihesabu kuelekea bara, mimi nyuma yako na jembe begani.

"Ukingo umehama," ulisema. "Hatua hazijahama."

Basi nikaacha kutafuta vidole vyako vilikaa wapi. Nikaimba kipande kwa mdomo, nikasikiliza noti ya pili iko mbali kiasi gani kutoka nyumbani, kisha nikaupiga umbali ule ule kutoka C. Noti nyingine hazikufikika, nikaziacha. Ule mtelezo ulikataa uzi wake wa zamani, ukakubali uzi wa jirani. Kilikuwa bado kipande chako, ila kimekonda. Kwanza nilikionea huruma, halafu nikakipenda.

Jumapili Mama alisimama mbele na leso yake ya kijani. Alipovuta pumzi, nikamjibu. Akaimba wimbo wote, Baba, kwa sauti nzito na pana ambayo sikuwahi kuisikia. Mchungaji alisahau kusema amina. Mimi nilikuwa nalia huku napiga, lakini gumba halikusimama.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani nikamwambia, "Mama, uzee umekushusha sauti, lakini imekuwa tamu."

Akasimama. "Uzee gani? Hii ndiyo sauti yangu tangu usichana. Siku hizi kupanda kumenishinda, basi. Kule juu nilikuwa nakwenda kwa sababu ya baba yako. Yeye kushuka hakujua."

"Na hukumwambia?"

"Ningemwambia, angeacha kupiga."

Akaendelea na safari yake kama aliyeniambia bei ya sukari. Mimi nilibaki pale na gitaa mgongoni. Miaka yote niliamini kwamba gitaa lako ndilo lililombeba Mama. Sikukasirikii, nakuonea huruma kidogo, na nimezidi kuwapenda nyote wawili.

Lala salama, Baba. Jumapili Mama ataimba tena. Kaburi lako haliko mbali na kanisa, na madirisha yetu bado hayana vioo. Tega sikio. Hujawahi kumsikia.

Kitinda mimba wako