Nyuzi za Transfoma za Kimwani

Bilele, Bukoba
Jumatatu asubuhi

Kwako Tata, baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na migomba ya kibanjani haikulazwa na ule upepo wa wiki iliyopita. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mkweo Onesphory ana plasta juu ya jicho, na mimi nina hasira ambazo hazijanitoka tangu Alhamisi. Msalimie mdogo wangu Kokushubila, lakini barua hii usimpe akusomee. Nimeiandika kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, nimemaliza nusu daftari, ili uisome mwenyewe nje kwenye mwanga. Ningepiga simu, ila najua simu ikikukera unamrudishia Kokushubila na kumwambia mtandao umekatika.

Nianze na ujumbe wako wa jana. Kokushubila alinipigia, akayasema maneno yako yote simu ikiwa kwenye spika na Onesphory amekaa hapo hapo. Kwamba transfoma unazosuka wewe haziungui. Kwamba aliyelipua amplifaya ya kwaya ya Kaagya ni fundi wa kubahatisha. Kwamba kuanzia sasa mkweo asiguse kitu kilichotoka mikononi mwako. Onesphory aliinuka akafagia karakana ambayo nilikuwa nimeshaifagia. Tata, huyu mtu ni mume wangu mwaka wa tisa sasa, na kila mteja anayeingia hapa humwambia kwamba yote anayoyajua amefundishwa na wewe. Nilichoka.

Sasa usikilize ilivyokuwa, maana naona habari imefika Kimwani ikiwa imegeuzwa. Radi ilipopiga Kaagya iliunguza transfoma ya amplifaya ya gitaa ya kwaya. Tulizunguka maduka yote ya mjini. Tulizopata ama ni ndogo, ama zimeandikwa nguvu ambazo hazina. Ndipo wewe ukatuma mbili, ulizosuka mwenyewe, akatuletea Kyaruzi dereva. Zilikuwa safi kama kawaida yako. Ncha zote umeziungia waya mweusi wa aina moja, na juu yake umefunga nyuzi za kufumia za marehemu Mama: nyeupe kwenye ncha mbili za kuingizia umeme wa ukutani, manjano kwenye ncha mbili za kutolea ule mdogo. Ndivyo ulivyofanya tangu nikiwa sijaanza shule.

Alhamisi hiyo nilikwenda kuangalia spika za usharika. Nilipoondoka tu, Mzee Rwegasira, mwenyekiti wa kwaya, akaanza kupiga simu. Tamasha la Muleba ni Jumapili, amplifaya iko wapi? Baada ya robo saa, amplifaya iko wapi? Mwishowe akaja mwenyewe na Kamala mpiga gitaa, wakasimama juu ya kichwa cha Onesphory huku akiunga, Mzee Rwegasira akimweleza namna ya kushika chuma cha kulehemu, yeye ambaye maisha yake yote amelima kahawa. Onesphory alifuata nyuzi zako. Nyeupe akaipa umeme wa ukutani. Kitu kiliguruma, kikapasuka, moshi ukajaa, na kipande cha kapasita kikamchana juu ya jicho. Kamala alikimbia na gitaa hadi barabarani. Nilivyorudi nilimkuta Onesphory ameshikilia kitambaa usoni, akiwaambia kosa ni lake. Nilimuuliza kwa nini hakupima kwa mita, kwa nini hakupitisha umeme kwenye balbu kwanza kama tunavyofanya kwa kila transfoma. Akanijibu kwa sauti ya chini:

“Sikupima kwa sababu ni kazi ya Tata. Si wewe uliyeniambia haipimwi?”

Ndiyo, ni mimi niliyemwambia. Na hapa, Tata, kaa chini kama umesimama.

Wewe ulinikataza kuunga transfoma yoyote kabla ya kuipima, hata ingetoka kiwandani jana. Nami nazipima zako. Tangu mwaka juzi nimekuwa nikizipima asubuhi, kabla Onesphory hajamaliza chai, na tangu mwaka juzi nyuzi zimekuwa zikikosewa. Mara nyeupe iko kunakotakiwa manjano, mara zote mbili ziko upande mmoja. Nilikuwa nazifungua, nazifunga upya zinavyotakiwa, halafu nakuandikia kwamba kazi imetoka vizuri sana. Hizi mbili tu sikuwahi kuzipima kabla ya kutoka. Onesphory alipotaka kuzipima nilimzuia, nikamwambia kupima kazi yako ni kukutukana. Niliogopa ataona. Niliogopa zaidi kwamba wewe utajua, utaacha kusuka, na utakaa tu hapo Kimwani ukingoja jioni. Kwa hiyo damu iliyomtoka mume wangu niliisababisha mimi, kwa uongo wangu, na jana nilikuacha umtukane nikanyamaza.

Macho yako yana ukungu, Tata. Nyeupe unaiona manjano. Mwaka jana nilikuomba uende ukapimwe, ukaniambia unaona mgomba wenye mnyauko kutoka ng'ambo ya kibanja. Mgomba ni mkubwa. Uzi ni mdogo. Nimeshapanga na Kyaruzi aje kukuchukua Jumatano ijayo akulete kwa daktari wa macho hapa mjini, na safari hii usimwambie goti linauma.

Lakini usiliache koleo lako. Nilifungua ile iliyoungua nikahesabu mizunguko yote ya waya, sikukuta hata mmoja uliopungua. Ile ya pili niliipima mbele ya Onesphory. Nyuzi zilikuwa zimegeuzwa vile vile. Tukaiunga kwa kufuata mita, tukabadilisha kapasita, na jana Kamala amepiga gitaa Muleba tangu asubuhi hadi alasiri. Mzee Rwegasira anasema sasa kwamba ni yeye aliyetuelekeza.

Kwa hiyo achana na rangi. Waya wa kuingizia ni mwembamba na wa kutolea ni mnene, na vidole vyako vinajua hilo hata gizani. Unapounga ule waya mweusi, shaba ikiwa bado wazi, piga fundo moja kwenye ncha za kuingizia na mafundo mawili kwenye za kutolea. Mimi nitapima, Onesphory akiwepo. Ukipatia nitakuandikia umepatia, ukikosea nitakuandikia umekosea. Nyuzi za Mama nilizofungua zote nimezitunza, nitakurudishia.

Onesphory nilimweleza ukweli jana jioni. Akasema nisikuandikie lolote, tumwache mzee aamini kosa ni la Onesphory, mwenyewe hatapungukiwa na kitu. Nimekataa.

Nisalimie majirani, na Kokushubila mwambie simu ya mtu haiwekwi kwenye spika bila kuuliza nani yuko karibu, ingawa najua kitufe cha spika nilikibonyeza mimi huku. Onesphory naye alitaka niandike salamu zake hapa mwisho. Sikuziandika, Tata. Zako kwake zitangulie, baada ya yale uliyoyasema jana.

Ni mimi binti yako,
Violeth Mushumbusi