Wema wa Kitanda cha Dirishani

Jumatatu, 4 Machi 1996

Utaratibu mpya umeanza. Kila mtoto anayelazwa, hata wa malaria, anapimwa uzito na mama yake anaulizwa: amepungua? Anakula? Kaacha ziwa lini? Daktari Donatus hataki tungoje mtoto abaki mifupa ndipo tushtuke. Sawa. Ila leo wodi nzima wamejibu kitu kimoja — anakula vizuri, hajapungua. Wote! Na mahindi yalivyokauka mwaka huu? Nadanganywa mchana kweupe.

Jumanne, 5 Machi

Kitanda cha dirishani: Wema, mwaka na nusu, homa na kuhara. Baba yake, Maduhu, anachimba dhahabu Geita, hajakanyaga nyumbani tangu msimu wa pamba, miezi minane sasa. Mama Wema kajibu kama wenzake. Mizani nayo inamuunga mkono, uzito si mbaya. Lakini nimembonyeza mtoto mguu — kishimo kimebaki. Uzito wa maji ule! Utapiamlo mtupu, na mama kanikazia macho makavu.

Na maziwa ya lishe tunayompa hapa wodini, anayakataa, au kuna mwingine anayeyanywa? Nitamvizia huyu mama.

Jumatano, 6 Machi

Nimevizia. Hakuna mwizi, mtoto mwenyewe hataki. Daktari kaagiza alishwe kwa mpira wa puani. Sasa namshuku mama mkwe, Bibi Limi. Habanduki kitandani. Nikiuliza kitu, Mama Wema anamtazama yeye kwanza. Nimemwomba akapumzike nje, kasema miguu inamuuma. Asubuhi kaenda sokoni na kurudi!

Alhamisi, 7 Machi

Bibi Limi kajisemea mwenyewe, bila haya: Wewe muulize tu, Sista. Mtoto akinyong'onyea hivi kabemendwa — mama kalala na mwanaume mtoto angali ananyonya. Nangoja nimsikie akikiri kwamba mtoto kapungua.

Imani hiyo naijua tangu utoto, na bado nilisimama katikati ya wodi nikawauliza wanawake maswali hayo mbele ya wakwe zao. Nani angejibu? Nimeona aibu.

Nimemwita Mama Wema chumba cha mizani, tukafunga mlango. Alilia kwanza. Kisha kanong'ona: Sista, nina mimba ya miezi mitatu. Nilimwachisha ziwa ghafla nikiogopa maziwa yatamdhuru. Tangu hapo ni uji wa udaga, unga wa muhogo mtupu, na hautaki.

Sikumuuliza mimba ya nani.

Ijumaa, 8 Machi

Raundi. Daktari, kwa sauti yake ile kubwa ya kanisani: kwa nini mtoto aliachishwa ziwa? Bibi Limi akasimama. Nikawahi kusema maziwa yalikauka, mama hali chakula cha kutosha. Bibi hakumtazama mkwewe. Alinitazama mimi, muda mrefu.

Uvimbe umeanza kushuka. Wema kashika kidole changu leo. Akilishwa wiki mbili zaidi atapona, nina hakika.

Mchana nimemwona Bibi Limi getini, anaongea na dereva wa lori linaloelekea Geita. Kamtumia Maduhu salamu, kaniambia, aje amwone mwanawe. Salamu tu? Alikuwa anatabasamu.

Nimemsihi Mama Wema asiondoke kwa hofu ya Maduhu. Kakubali kwa kichwa. Sasa hivi nimepita tena. Kanga zake zote zimeshafungwa furushi, na ananiuliza, taratibu, mpira ule wa puani unatolewaje.