Baba Mbele ya Kamati

Mallawi, 4 Machi

Mwanangu Najati,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Hatujambo, ila mguu tu. Wewe na wenzako wa kiwandani mu wazima?

Posho ya walemavu nimenyimwa. Kamati imeandika kwamba naweza kufanya kazi. Usimwambie mtu. Hapa mkahawani washanipa jina, "Mzima wa Afya", nami nacheka nao. Nitafanyaje?

Babako

Port Said, 12 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila barua yako imeninyima usingizi. Mguu uliosagwa na jiwe la machimbo, waseme mzima? Kwani ulifanya nini mbele ya kamati? Niambie kweli. Mama hawezi kukaa bila dawa zake, na mshahara wangu unaishia kwenye kodi ya chumba.

Mwanao Najati

Mallawi, 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako anakusalimu, sukari imempanda kidogo.

Nilisimama. Daktari wa kamati aliingia, mama wa makamo, na viti vimejaa. Ningekaaje kama gogo? Nikampa kiti changu, nikajibu maswali yote nimesimama, nimeshika meza, jasho linanitoka. Akasema, "Mzee, una adabu." Kisha akaandika alichokiona. Naona haya hata kukwambia.

Babako

Port Said, 29 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole na mguu. Sikulaumu, lakini adabu hainunui dawa. Nimekukatia rufaa. Siku watakayokuita tena, ukae. Aingie daktari, aingie waziri, wewe kaa tu. Nisamehe, mimi ni nani hata nikuamuru.

Mwanao Najati

Mallawi, 17 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako anaendelea vizuri, dawa tumenunua. Posho imetoka.

Nilikaa kama ulivyosema. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia Bishara, msimamizi wetu wa zamani, yule aliyenibeba mgongoni kunitoa machimboni siku jiwe liliponiangukia. Naye kaja kuombea posho mapafu yake, vumbi limeyala. Wote chumbani wakainuka kumwamkia. Akaja mpaka kwangu, akaninyooshea mkono, akangoja. Daktari ananitazama. Nikampa mkono nimekaa.

Mimi nimepewa. Yeye wamemnyima, eti kaingia kwa miguu yake.

Wiki nzima nilijificha ndani, mtu akibisha mama yako anasema nimelala. Jana nikajikongoja hadi kwake kumtaka radhi. Alikuwa barazani na chai yake. Nikasimama mbele yake, nimeegemea fimbo. Bishara akatazama barabarani, huku na huku, akanivuta kanzu.

"Kaa upesi, Mahrusi," akaninong'oneza. "Wasije wakakuona umesimama."

Nikakaa.

Babako