Nyumba ya Wiki Tano

Jumatatu, 1 Desemba 2014

Leo mimi ni tajiri! Madam Roshan wa ghorofa ya tisa ya jengo ninalolinda, yule bibi nimemfungulia mlango miaka kumi na nne, anaenda Kanada kwa binti yake. Kila baridi yeye hukaa kwa ile hoteli ndogo ya ufukweni. Mwaka huu haendi. Nikamwambia, madam, ukiacha kile chumba peke yake kitalia. Akacheka. Akasema chukua, Gerishom, mlete mama watoto.

Eti si chumba chake. Ana wiki zake tu, zile zile kila mwaka, amezinunua. Hawa watu wananunua wiki! Nimeona watu wakinunua ng'ombe, shamba, hata kura. Lakini wiki?

Kanipa karatasi. 51, 52, 1, 3, 4. Darasa nilifika la tatu tu lakini kuhesabu najua. Namba tano, wiki tano! Tarehe 20 Desemba mpaka 24 Januari. Binti yetu Ivy amemkatia mama yake tiketi leo leo, visa inashughulikiwa.

Alhamisi, 4 Desemba

Mimi si mwongo. Huongeza chumvi tu.

Mwaka wa kwanza huku kwa Waarabu nilimwambia Mama Ivy naishi peke yangu, karibu na bahari. Mwaka wa pili nikaongeza balkoni. Wa tano, friji ikaanza kutengeneza barafu yenyewe. Kumbe niko Al Quoz, kampi ya kampuni, wanaume sita chumba kimoja, mimi kitanda cha juu kwa sababu mwenzangu Twaibu ana magoti mabaya.

Na Mama Ivy ameshawaambia akina mama wote wa kanisa. Balkoni, barafu, kila kitu. Nikienda likizo wananipa kiti cha mbele.

Leo nimeenda kuona hicho chumba. Balkoni ipo. Bahari ipo. Friji ikakohoa, ikatema barafu! Yaani nimeijenga nyumba kwa mdomo, matofali yakafuata. Fundi gani mwingine anaweza? Ni kidogo kweli, jiko limefichwa ndani ya kabati kama mgeni wa siri. Lakini kinatosha watu wawili wanaopendana. Hata wakigombana watagombana kwa kugusana.

Jumanne, 9 Desemba

Nyumba lazima ionekane nimeikalia miaka kumi na nne. Nimepanga vitu vya kupeleka. Sandals zangu. Sufuria iliyoungua chini. Kalenda ya mwaka jana. Picha ya Ivy na joho la chuo.

Twaibu alikuwa amejilaza akinitazama. Huyu Mganda mdomo wake haujui likizo. "Muzee," akasema, "na kukoroma kwetu utakubeba kwa mfuko gani?"

Nikamwambia nitakubeba wewe mwenyewe, nikuweke chini ya sofa. Kikohozi chake kikamshika kwa kucheka.

Ijumaa, 12 Desemba

Khalas. Nimekwisha.

Nilipeleka sufuria. Pale mapokezi kuna kijana wa kwetu, Austine, heshima nyingi. Akaangalia karatasi. Akaniuliza, mzee, tarehe 10 Januari mtahamia wapi?

Kuhama? Nani anahama?

Akanionyesha pole pole na kidole. Moja, halafu tatu. Mbili haipo. Wiki ya pili ni ya Mjerumani, yuko nayo miaka mingi. Tarehe 10 saa nne asubuhi tunatoka na sufuria yetu, tarehe 17 tunarudi. Nikasema mwambie Mjerumani abadilishe. Akasema hoteli imejaa mpaka Februari.

Nilihesabu namba, sikuzisoma! Soja mzima, kazi yangu ni kujua nani ameingia na nani hayupo — na mbili imenipita hapo getini.

Sasa mtu anafukuzwaje kwa nyumba yake mwenyewe, wiki moja, halafu anarudishiwa?

Jumatano, 17 Desemba

Kampi haiingii mwanamke, hata mama mzazi. Rafiki wa Al Jaddaf mwenye chumba ana watoto wanne humo humo.

Nimewaza nimwambie mke wangu: wanapaka rangi. Nimewaza: mende. Twaibu anasema mwambie sheikh ameomba kuazima. Hiyo nimeipenda, lakini Mama Ivy atataka kumsalimia sheikh.

Halafu akasema, "Muzee, mwambie ukweli tu, sisi si wabaya." Nikazima taa yake ya simu.

Jumamosi, 20 Desemba

Amefika! Kanga kichwani, koti la baridi, jua digrii ishirini na sita. Nikamwambia, hiyo ni baridi ya kwetu huku, umefanya vizuri.

Ameingia. Amegusa ukuta. Amesimama balkoni. Friji ikatema barafu akaruka. "Baba Ivy, hii nyumba ni kubwa kuliko nilivyofikiria." Kubwa! Nikaanza kumwambia nilivyochagua rangi ya pazia.

Akafungua begi. Unga. Uyoga mkavu. Halafu karanga, pakiti, akazipanga mezani moja moja. Sita.

Nikauliza za nani.

"Moja yako. Hizi za wenzako. Hiyo kubwa ya yule wa kukohoa."

Nikasema wenzangu gani? Akanitazama kama anavyoniangalia nikisema nimesali.

"Baba Ivy. Miaka kumi na nne unanipigia simu usiku. Nyumba ya mtu mmoja inakoroma kwa zamu?"

Ameenda kuoga. Anaimba humo, wimbo wa kanisa. Nimekaa na hizi karanga. Kwa akina mama wa kanisa alikuwa akisema balkoni, na alikuwa anajua!

Bado sijamwambia tarehe 10. Amefunga maji. Ananiita, anauliza taulo zetu huwa naziweka wapi —