Ukurasa wa Mwisho wa Tanuru

Dada Leokadia,

Shikamoo. Najua ulikuwa hutaki nikuamkie hivyo, ukisema nakuzeesha bure. Leo utanivumilia, maana huna la kufanya.

Nimechoka, dada. Upepo wa Juni umeshaanza, ule unaopenya kwenye nyufa za darasa mpaka watoto wanajikunyata kama vifaranga. Tangu tulipokuzika, wakati wa mvua, nafundisha chekechea peke yangu. Mwenyekiti wa kijiji anasema mwenzangu ataletwa, nivute subira, na kila wiki subira ni ile ile. Asubuhi darasa, mchana shamba la kijiji, jioni kisomo cha watu wazima. Katikati ya hapo kuna foleni ya sabuni, ambayo ukifika mbele unaambiwa imekwisha. Nikirudi nyumbani nakaa kitandani na viatu miguuni. Mwezi uliopita niliandika barua ya kuomba uhamisho, nirudi kwetu Mbeya. Bado iko chini ya godoro.

Lakini sikuandikii kukulalamikia. Nimekukosea, na sijui pa kulipeleka kosa lenyewe. Ni kile kitabu chako cha tanuru.

Unakumbuka ulivyokianza? Kijiji kilikuwa bado kipya, watu wamehamishwa kutoka vitongoji vyao vya zamani, na watoto wanalia darasani wanataka kurudi kwao. Mimi Kifipa sijui, wao Kiswahili hawajui. Nikisema nyamazeni wananitazama tu. Wewe ukaenda kuomba mifuko ya saruji iliyobaki walipojenga ghala, ukaikung'uta, ukaikata kurasa, ukazishona kwa uzi wa katani. Weusi ulikuwa mkaa, wekundu ulikuwa udongo wa njia ya Pito, na kijani ulikipata kwa kuponda majani ya maboga. Ukachora lile tanuru refu la udongo ambalo mababu zenu waliyeyushia chuma, lililobaki peke yake kule kwenye mahame. Kwenye kitabu linaamka asubuhi, halioni mtu, basi linaota miguu miwili na kuanza kuwafuata watu wake. Linawauliza mbuzi njia. Mvua ikinyesha linajificha ndani ya tumbo lake lenyewe.

Siku tulipowasomea hakuna aliyelia darasani. Mimi mwenyewe sikulia, na nilikuwa nimepanga.

Mkaguzi alipokuja, akakishika kitabu kwa vidole viwili, akauliza tanuru linatembeaje. Darasa zima likamjibu, "Kwa miguu." Wewe ukatoka nje kucheka, ukaniacha nimeng'ata midomo mbele ya mgeni. Nilikununia mpaka jioni.

Kazi tulikuwa tumegawana, wewe unachora na mimi nasoma. Nakaa kwenye kigoda, nimekishikilia kitabu kifuani, picha zinawatazama watoto. Maneno nilikuwa nimeyakariri, kwa hiyo macho yangu yalikuwa kwao tu, kuona nani anasinzia na nani anamfinya mwenziwe. Wewe unakaa nyuma yao, wakikwama unawaambia kwa Kifipa. Ukurasa wa mwisho uliuongeza nilipokuwa likizo Mbeya. Niliporudi ukanifundisha maneno yake tukiwa njiani kwenda shambani: "Na tanuru likafika, likapokelewa." Nikayashika hapo hapo, nikaendelea kusoma kama kawaida.

Sasa kosa lenyewe. Baada ya matanga jalada la nyuma lilichanika. Uzi wa katani sikuwa nao, na kusema kweli sikuwa na nguvu ya kuutafuta. Nikapika uji mzito wa ulezi, nikakilaza kitabu kifudifudi mezani, nikapaka uji nyuma ya ukurasa wa mwisho na kubandika kipande cha boksi. Kikashika vizuri, nikajisifu. Shule ilipofungwa nikakiweka ghalani, juu ya magunia, kisilowe.

Na ulishaniambia, mwaka ule wa kwanza niliofunga bahasha kwa uji. Ulisema, "Panya wa huku karatasi hawaitaki, wanataka ulichopika." Nilidhani unamtania mgeni. Nilipofungua ghala, boksi limeliwa na ukurasa umeliwa. Imebaki kona moja yenye udongo mwekundu, ndogo kama ukucha. Kurasa nyingine ulizoshona wewe hazikuguswa.

Nililia, dada. Siku ya mazishi yako sikulia hivyo, nilikuwa jikoni nasonga ugali wa waombolezaji.

Shule ilipofunguliwa watoto walikitaka kitabu siku ya kwanza. Nikasoma mpaka tanuru linapouona moshi wa kijiji, nikafunga, nikasema tutamalizia kesho. Kesho yake nikasema kesho. Siku ya tatu binti mdogo wa balozi wa nyumba kumi akauliza kama tanuru linalala nje na baridi hii yote.

Nikaamua nitauchora upya mwenyewe, potelea mbali. Nikachukua mkaa, na hapo ndipo nikagundua jambo. Sikujua ulichora nini. Nimekisoma kitabu kile miaka mitatu, na ukurasa ule sijawahi kuutazama. Hata siku ya kuupaka uji sikuugeuza. Ningeweza kuugeuza siku yoyote, ila kazi zilikuwa nyingi, na wewe ulikuwepo, nikadhani utakuwepo tu. Nisamehe kwa hilo kuliko kwa panya.

Juzi nikawaambia watoto ukweli, kwamba ukurasa umeliwa na kosa ni langu. Nikawauliza tanuru lilipofika lilipokelewa na nani. Wakatazamana, wakidhani nawatania. Kisha wakanijibu kwa Kiswahili, bila kukwama.

"Ni wewe, mwalimu."

Wakanieleza yote. Pichani nimesimama mlangoni na sweta langu lisilo na kifungo, nimelishika tanuru mkono, nalikaribisha kwenye kigoda changu. Nikauliza, na Mwalimu Leokadia yuko wapi? Wakasema hayupo, yeye alikuwa anachora.

Dada, kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii najiona mgeni kwenu, nahesabu siku za kuondoka, kumbe ulishaniweka mlangoni nipokee wageni. Nina hasira na wewe kidogo. Nimekukumbuka mno.

Mifuko ya saruji imekwisha. Karatasi safi iliyomo nyumbani ni moja tu, ile iliyo chini ya godoro, na nyuma yake haijaandikwa kitu. Jumatatu nitaipeleka darasani pamoja na mkaa na udongo wa njia ya Pito. Wao wataniambia sweta liwe wapi na mkono uwe wapi, mimi nitachora, vibaya, unanijua. Nitaushona kwa katani. Uji nitakunywa.

Lala, dada, angalau mmoja wetu apumzike. Nakuahidi jambo moja. Siku ya kukisoma tena nitampa mtoto mmoja kigoda akishike kitabu, na mimi nitakaa chini nyuma ya wenziwe, pale ulipokuwa unakaa, nikitazame mpaka mwisho.

Mdogo wako,
Atupele