Mti Hauna Simu

Mpendwa Mmbone, binti wa dada yangu,

Hapa Lubao kila siku ya soko bado nasimulia ule mti wako. Juzi unene wake ulikuwa wa wanaume kumi walioshikana mikono. Nikinunuliwa chai ya pili unafika kumi na tano. Madalali wenzangu wa ng'ombe hawajavuka Kitale, kwa hivyo shahidi ni wewe peke yako, na wewe uko huko jangwani Chalbi unafundisha watoto wa wafugaji.

Nilikuja kukuona miezi michache baada ya kumzika mama yako. Nilikubebea jogoo, maana mtu wa kwetu haendi kwa mtu mikono mitupu. Maskini, alifika amepanua mdomo kama mwimbaji wa kwaya na hakuwika tena mpaka tulipomchinja. Mimi joto halikunisumbua hata kidogo. Ile kulala chini ya meza yako nilikuwa nanyoosha mgongo tu.

Kisha ukanipeleka kuuona mti. Mmbone, mimi nimezaliwa ukingoni mwa msitu, pale Isecheno, ambapo mti ukitaka kuanguka hukosa nafasi. Sijawahi kuuhurumia mti. Lakini ule mgunga, umepinda, magome yamepasuka kama kisigino cha mkulima, na pande zote hakuna hata kijiti cha kuuambia habari ya asubuhi! Nikafungua dumu letu la maji nikaanza kuumwagia.

"Mzee! Unafanya nini?" Ni yule mama mwenye mbuzi, alikuwa amekaa kivulini upande wa pili.

"Naunywesha, mama. Una kiu."

"Huu? Babu yangu aliukuta hapa, na haujawahi kuniomba maji. Mwenye kiu ni mimi. Lete hapa!"

Akanywa, akawanywesha na mbuzi wake, kisha akakugeukia. "Mwalimu, huyu umemtoa wapi?"

"Ni mjomba wangu. Msamehe, mama, kwao mvua inanyeshanga kila jioni."

Ukacheka mpaka ukashika magoti. Sikuwa nimekusikia ukicheka tangu mazishi. Nami, kama kawaida yangu, nikaona nafasi ya kuhubiri. Nikakohoa, nikasema, "Mmbone, wewe ni kama huu mti. Uko peke yako, na bado umesimama."

Kicheko kikakauka.

"Mjomba, usinifananishe na mti. Mti hauna simu. Mimi niko nayo, na nangojanga ilie." Ukaniambia mama yako alikuwa akikupigia kila Jumapili akitoka kanisani. Sasa unapanda kile kilima chenye mtandao, unakaa, kisha unashuka.

Mimi ninayejua kumjibu hata askofu, nikaanza kuwahesabu mbuzi wa yule mama.

Tangu siku hiyo nimekupigia kila Jumapili, nawe umevumilia habari za fahali wangu kuliko mke wangu anavyozivumilia. Mpaka mdogo wako Shimuli alipokupigia kukuambia kwamba wanajengea kaburi la mama na kufanya ukumbusho, akaongeza, "Usijisumbue, dada, ni mbali. Tutakutumia picha." Ukazima simu. Yule mama wa "mteja hapatikani" sasa tumezoeana, imebaki kumuuliza kwao ni wapi.

Sikulaumu, mwanangu. Picha! Mtoto wa kwanza, atumiwe picha ya kaburi la mama yake kama mgeni aliyekosa harusi.

Basi nilisimama kwenye kikao cha ukoo. Nikawaambia, "Kwa desturi yetu, mtoto wa kwanza asipokuwepo, simiti ya kaburi haishiki." Wazee wakaangaliana, kila mmoja akiogopa kuonekana haijui desturi. Mzee mmoja hata akaapa aliona kaburi lililokaa uji mwaka mzima. Fundi kusikia hivyo akakusanya mwiko wake akaenda zake.

"Mjomba, hiyo desturi umeitoa wapi?" Shimuli akaniuliza.

"Kwa watu wazima."

Lakini jioni alikuja kwangu, akazungukazunguka na habari za miwa, mwisho akasema, "Mwambie aje. Mimi nilidhani namhurumia safari." Ana mdomo mzito, kama babake. Lakini nilimwona macho.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la ng'ombe. Atalala huko kabla ya kugeuza, na kiti cha mbele nimekwisha kukuwekea. Simiti aliyoiacha fundi iko chini ya kitanda changu. Huku mvua haijakosa hata jioni moja, na mfuko wa chini umeanza kuwa jiwe upande wa ukutani. Kila asubuhi naubonyeza kwa kidole gumba. Mmbone, hii simiti inashika. Njoo kabla wazee hawajajua.

Ni mimi, ndugu ya mama yako,
Mjomba