Nesi wa Kwenye Simu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Leo tumeletewa mwokozi. Anaitwa Derick, katoka Bukoba mjini, viatu vimechongoka, fulana ya mradi. Kaja kwenye zahanati yetu hapa Ngenge kutufundisha "Nesi Tulia" – programu ya kwenye simu. Mjamzito anaiandikia dalili zake, yenyewe inamjibu. Haichoki, anasema, wala haikasiriki. Maana yake mimi nachoka na nakasirika! Miaka kumi na tisa nazalisha wanawake, leo nashindanishwa na simu.

Nikamuuliza: ikikosea mtu akafa, nani anashtakiwa? Akacheka. Eti mama, hilo ni la watu wa sera. Pumbavu.

Jumatano, 5 Machi
Nimeijaribu. Nikaandika wanavyosema wanawake wa huku, nusu Kiswahili nusu Kihaya: "enda inaniuma" – yaani tumbo. Ikajibu: "Unataka kwenda wapi?" Tumecheka mpaka machozi. Hata Kagaruki, mganga mfawidhi wetu, ambaye hacheki hovyo. Ndiyo nesi huyo!

Ijumaa, 7 Machi
Siku ya chanjo. Akina mama wamejaa mpaka nje, watoto wanalia. Joviana, mke wa Protase – mimba ya kwanza, miezi minane – akapenya hadi mezani kwangu, simu mkononi. Akaanza kwa heshima ya Kihaya: waitu sista, Nesi Tulia kaniambia nije leo leo, nisingoje. Kichwa kinamuuma tangu juzi, anaona vimulimuli.

Nikamwambia mbele ya watu: kama una nesi kwenye simu, basi akuzalishe yeye. Wakacheka. Nikampa panadol, arudi Jumanne, siku yake ya kliniki. Wasichana wa siku hizi! Simu ikiwaambia wanaumwa, wanaumwa.

Jumatatu, 10 Machi
Protase kamleta asubuhi kwa pikipiki, kambana katikati yake na dereva, kamfunga kwa kanga asianguke. Degedege. Kifafa cha mimba. Presha 190 kwa 120. Nimemchoma sindano ya magnesiamu kuzuia degedege. Gari la wagonjwa limechukua masaa mawili kufika.

Protase hakupiga kelele. Alisema tu: Sista, simu ilisema aje siku ile ile. Wewe ulisema Jumanne.

Kipimo cha presha kilikuwa mezani ile Ijumaa. Dakika mbili tu.

Jumatano, 12 Machi
Hospitalini wamempasua. Mtoto wa kiume, yuko hai, kilo moja na nusu. Joviana hajazinduka.

Derick karudi – anang'aa! Kwake huu ni ushindi. Anataka picha ya mtoto aiweke kwenye ripoti. Akafungua tableti, akatusomea kila alichoandika Joviana: kichwa, vimulimuli, mpaka mambo yake ya chumbani na mumewe ambayo hata mimi sikupaswa kuyajua. Nikamuuliza nani kakuruhusu. Alibonyeza "Nakubali", anasema. Kakubali nini? Alijua yatasomwa mezani, mbele ya watu watatu wanaokunywa chai? Mwenzako hajazinduka, wewe unatafuta picha! Nilitaka kumtemea mate.

Kisha nikakumbuka nani alichekesha watu Ijumaa kwa mgongo wa Joviana. Nikameza.

Alhamisi, 13 Machi
Watu wa wilayani wanakuja saa nane kuuliza. Kagaruki kafunga mlango, kanisukumia rejista, ukurasa wa Ijumaa. Jina la Joviana lipo, panadol ipo. Safu ya presha – tupu. Andika 120 kwa 80, kasema, ilipanda baadaye, nani atabisha? Akatoka. Mtu mzima, mganga, anazungumza kama mwizi wa kuku! Nimemdharau kabisa. Halafu nikatazama mkono wangu – nimeshashika kalamu.

Siku zote nilikuwa najiuliza nani atashtakiwa mashine ikikosea. Haikukosea.

Protase yuko nje kwenye benchi. Hakuja kugombana. Ameuliza kitu kimoja tu: Sista, siku ile ulimpima? Nikamwambia subiri kidogo, nakuja.

Saa saba na nusu. Namwona dirishani, kofia magotini, macho kwenye mlango wangu. Kagaruki anagonga, anauliza kama nimemaliza. Safu ya presha bado tupu, kalamu bado mkononi.